Jinsi ya Kuisoma Picha ya Vumbi la Nyota Pacha

Oktoba 2022 ilitolewa picha ya nyota iitwayo WR 140, iliyopigwa na darubini ya anga ya James Webb, na tangu hapo imesambaa kwenye simu, kwenye majarida na kwenye kuta za madarasa. Katikati kuna nukta yenye miali. Kuizunguka kuna pete juu ya pete, zisizo duara kamili, zenye konakona, zikififia kadiri zinavyokwenda nje. Wengi huitazama, huipenda, kisha huipita. Ninaandika kwa ajili ya wale wasiotaka kuipita: mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa sekondari, mzazi ambaye mtoto wake ameuliza kile ni nini. Picha ile inasomeka. Ukiwa na kikokotoo cha simu na namba chache, utaweza kutaja kila pete ilitengenezwa mwaka gani, kwa nini kuna nafasi tupu kati ya pete na pete, na pete inayofuata itaanza lini.

Ili kufika huko, lazima kwanza uelewe jinsi vumbi linavyozaliwa pale. Usiruke sehemu hii kwa haraka ya kufikia hesabu, kwa sababu hesabu bila kisa chake husahaulika siku hiyo hiyo.

Vumbi linalozungumzwa hapa ni chembe ndogo mno za kaboni, za jamii ya masizi. Chembe hizo haziwezi kushikana mpaka gesi ipoe hadi chini ya kelvini 2,000 hivi. Sasa tazama mahali zinapotoka. WR 140 ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni nyota ya Wolf-Rayet, aina iliyotambuliwa mwaka 1867 na Charles Wolf na Georges Rayet kwenye kituo cha uangalizi cha Paris. Walizikuta tatu kwa mpigo, zote katika kundinyota la Cygnus, humo humo ilimo WR 140. (Moja ya zile tatu, ambayo leo inaitwa WR 137, nayo ni nyota pacha inayotengeneza vumbi, kila baada ya miaka 13 hivi. Wale mabwana wawili waliitazama bila njia yoyote ya kulijua hilo.) Nyota ya Wolf-Rayet ilizaliwa nzito sana, kisha ikapoteza tabaka lake la nje la hidrojeni, na sasa yale yaliyopikwa tumboni mwake yamefika usoni. Joto lake ni makumi ya maelfu ya kelvini. Upepo unaotoka humo huenda kilomita elfu moja hadi elfu tatu kwa kila sekunde. Mwenzake ni nyota ya aina ya O, nayo ni ya moto mkali, nzito, yenye upepo wake yenyewe. Mionzi ya urujuanimno ya hizi mbili inatosha kuvunja karibu kila molekuli inayojaribu kujiunga mbele yake.

Kwa hiyo mahali hapa pangepaswa kuwa pa mwisho kutafuta vumbi. Hata hivyo vumbi lipo, na kwa wingi.

Jibu liko kwenye mgongano. Pepo mbili zinapokutana kati ya nyota hizi mbili, gesi inasimamishwa ghafla na mwendo wake unageuka kuwa joto la makumi ya mamilioni ya kelvini. Mahali hapo hutoa eksirei, na darubini za eksirei zimeziona. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea: kama mgongano unaongeza joto, vumbi litatokaje? Shika neno moja, mgandamizo. Gesi iliyobanwa hupoteza joto lake kwa kung'aa, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyolipoteza upesi zaidi. Ikishapoa kidogo, shinikizo lake la ndani linapungua, ile iliyo nje yake inaibana zaidi, nayo inapoa zaidi. Mwendo huu ukishaanza haurudi nyuma. Mwisho wake ni mapande ya gesi nzito, yaliyopoa, yaliyosongamana kiasi kwamba upande wa nje wa pande unaukinga upande wa ndani dhidi ya mionzi. Kwenye kivuli hicho kaboni hushikana na kaboni. Kisha upepo unazichukua chembe na kuzipeleka nje, mbali na moto, kabla hazijavunjwa.

Kuna msaada mwingine unaotoka kwa nyota ya O. Upepo wa nyota ya Wolf-Rayet yenye kaboni karibu hauna hidrojeni kabisa, lakini upepo wa nyota ya O umejaa hidrojeni. Mahali pa mgongano vitu hivi viwili huchanganyika. Darubini ya James Webb iliona kwenye pete za WR 140 dalili za michanganyiko ya kaboni yenye umbo la pete, ile ambayo wanakemia huiita aromatiki. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii: kaboni na hidrojeni zinakutana katika mahali pakali kuliko pote, na zinatoka zikiwa zimeungana.

Ukitaka kujua kama nyota pacha fulani inaweza kutengeneza vumbi, basi, anza na herufi. Nyota za Wolf-Rayet huandikwa WN zikiwa na naitrojeni nyingi, na WC zikiwa na kaboni nyingi. Ukiona WC, endelea kusoma. Ukiona WN peke yake, usitarajie masizi. Kisha uliza kama ina mwenza mwenye upepo wa kutosha kuleta mgongano. Kisha uliza umbali kati yao, na hapa ndipo pagumu. Gamma Velorum ni mfano mzuri wa onyo. Ina nyota ya WC8 na mwenzake wa aina ya O, zinazungukana kwa siku 78.5, na iko umbali wa miaka ya nuru 1,100 hivi, karibu kuliko nyota nyingine yoyote kubwa ya jamii hii. Kaboni ipo, mwenza yupo, mgongano upo, lakini vumbi halijaonekana. Kuwa na viungo vyote hakutoshi kama msongamano na joto havikufika panapotakiwa.

Kikokotoo mkononi

Sasa hesabu za WR 140. Zimeshapimwa vizuri kuliko za pacha nyingine nyingi, kwa hiyo ni mahali salama pa kujifunzia.

Njia ya nyota hizi si duara bali ni duaradufu ndefu sana. Urefu wa nusu ya mhimili wake mkubwa ni mara 13.55 ya umbali wa Dunia na Jua. Umbali huo wa Dunia na Jua huitwa kizio cha astronomia, na ni kilomita milioni 149.6. Uzito wa nyota ya Wolf-Rayet ni kama majua 10, wa mwenzake kama majua 29. Jumla yake kabla ya kukadiria ni 39.6. Kanuni ya Kepler inasema: zidisha 13.55 kwa 13.55 kwa 13.55, gawanya kwa 39.6, kisha tafuta kipeo cha pili. Fanya sasa hivi. Utapata 7.93. Hiyo ni miaka ya mzunguko mmoja, na ndiyo ambayo wanaastronomia wameipima kwa miongo. Mwanafunzi akiipata mwenyewe kwenye simu yake, haamini tena kwamba namba za vitabuni zimetolewa hewani.

Hatua ya pili ni umbo la njia. Kipimo cha jinsi duaradufu ilivyobanwa huanzia 0, ambayo ni duara kamili, na kadiri kinavyokaribia 1 ndivyo njia inavyorefuka. Cha WR 140 ni karibu 0.9. Toa 0.9 kwenye 1, zidisha kwa 13.55: nyota zinapokaribiana kabisa, umbali kati yao ni kizio 1.36, yaani zaidi kidogo ya Dunia na Jua. Jumlisha 0.9 na 1, zidisha kwa 13.55: zinapoachana kabisa ni vizio 25.7, mbali kuliko Uranusi ilivyo mbali na Jua. Gawanya kubwa kwa ndogo, unapata karibu 19.

Namba hii 19 ndiyo inayofungua picha nzima. Upepo unaotoka kwenye nyota hutawanyika pande zote, kwa hiyo msongamano wake hupungua kwa mraba wa umbali. Mara 19 kwa 19 ni 361. Maana yake, nyota zinapokaribiana, gesi inayogongana ni nzito mara 360 hivi kuliko zinapokuwa mbali. Na kwa kuwa kiasi cha joto ambacho kipande cha gesi hupoteza kwa kung'aa hufuata mraba wa msongamano, kama joto ni lile lile, zidisha tena 361 kwa 361: zaidi ya mara 130,000. Ndiyo maana WR 140 haitengenezi vumbi kila siku. Inatengeneza kwa miezi michache kuzunguka siku ya kukaribiana, kisha inanyamaza kwa miaka mingi. Nafasi tupu kati ya pete mbili ni miaka hiyo ya kunyamaza.

Hatua ya tatu ni umbali kati ya pete na pete. Vumbi la WR 140 linakwenda zaidi ya kilomita 2,600 kwa sekunde, karibu asilimia moja ya kasi ya mwanga. Miaka 7.93 ni kama sekunde milioni 250. Zidisha: kilomita bilioni 650 hivi, sawa na vizio vya astronomia 4,350. Ukitaka kujua hiyo itaonekanaje angani, gawanya vizio kwa umbali wa nyota uliopimwa kwa paseki (kipimo cha wanaastronomia cha umbali wa nyota), nawe utapata sekunde za tao, kile kipimo ambacho 3,600 zake hufanya digrii moja. WR 140 iko paseki 1,640 hivi kutoka kwetu, kwa hiyo pete na pete zinaachana sekunde za tao 2.65. Darubini ya James Webb hutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya hapo, ndiyo maana pete zinaonekana moja moja. Iliipiga nyota hii tena Septemba 2023, miezi 14 baada ya kuipiga picha ya kwanza Julai 2022. Rudia hesabu kwa miezi 14: utakuta pete zilipaswa kusogea kama sekunde za tao 0.4. Wanasayansi walipolinganisha picha hizo mbili, pete zilikuwa zimesogea kweli.

Hatua ya nne ndiyo inayofurahisha zaidi. Zipe pete miaka. Picha ya kwanza ilipigwa Julai 2022, na mara ya mwisho nyota kukaribiana kabla ya hapo ilikuwa Desemba 2016. Kwa hiyo pete ya ndani kabisa ni ya Desemba 2016. Inayofuata ni ya Januari 2009. Endelea kurudi nyuma kwa 7.93: 2001, 1993, 1985, 1977. Simama hapo kwenye pete ya sita. Mwaka 1977 wanaastronomia waliokuwa wakipima infraredi walirekodi nyota hii ikiongezeka mwanga ghafla, na mwaka 1985 ikafanya hivyo tena. Kutokana na marudio hayo ndipo ikaanza kueleweka kwamba ni saa inayogonga kwa utaratibu. Vumbi lile lililozaliwa wakati ule, mbele ya vifaa vyao, ndilo lile lile unaloliona leo kwenye pete ya tano na ya sita. Pete zilizohesabiwa kwenye picha ni zisizopungua 17. Ya kumi na saba inarudi hadi karibu mwaka 1890. (Miaka yote hii ni kwa kalenda ya hapa Duniani, jinsi mwanga unavyotufikia. Safari ya mwanga wenyewe ni zaidi ya miaka 5,000, lakini inazihusu zote, nyota na pete, kwa hiyo haiharibu tofauti kati yao.)

Ukiifanya kazi hii darasani, chapisha picha, wape wanafunzi kalamu, waandike mwaka juu ya kila pete. Haihitaji kompyuta.

Pale watu wanapokosea

Kosa la kwanza ni rangi. Macho yetu hayaoni infraredi, kwa hiyo rangi za picha zimepangwa na watu, kila kipande cha infraredi kikipewa rangi yake. Rangi zina maana, ila maana yake ni joto. Gawanya 2,900 kwa joto la kelvini utapata urefu wa wimbi, kwa mikromita, ambapo kitu hicho hung'aa zaidi. Vumbi la kelvini 1,000 hung'aa zaidi karibu na mikromita 2.9, la kelvini 140 karibu na 21. Kila pete inavyokwenda mbali hupoa, na hivyo pete za nje zinahitaji mawimbi marefu zaidi.

La pili ni miali. Ile miali inayotoka kwenye nukta ya katikati haiko angani. Inatokana na umbo la vioo vya darubini na nguzo zinazoshikilia kioo cha pili. Nyota yoyote ya kung'aa itakuwa nayo. Konakona za pete, kwa upande mwingine, ni za kweli. Picha ilipoonekana mara ya kwanza wengi walidhani ni hitilafu ya kifaa kwa vile vioo vya Webb vina pembe sita, lakini maumbo hayo yanatokana na njia ndefu ya nyota na jinsi vumbi linavyotengenezwa kwenye kuta za koni, ile koni inayojipinda kuizunguka nyota ya O kwa sababu upepo wa Wolf-Rayet una nguvu kuliko wake. Vumbi halijai ndani ya koni. Liko kwenye ganda lake, na ganda tupu likitazamwa kutoka pembeni huonekana kama ukingo unaong'aa.

Kosa la tatu nimelikuta hata kwa watu wanaoipenda fani hii, na linahusu nyota pacha nyingine, WR 104 iliyo katika kundinyota la Sagittarius. Mwaka 1999 Peter Tuthill, John Monnier na William Danchi walionyesha, kwa darubini ya Keck ya Hawaii, kwamba vumbi lake limejikunja kama konokono. Njia ya nyota hizi inakaribia duara, umbali kati yao haubadiliki sana, kwa hiyo vumbi linatoka bila kukoma badala ya kutoka kwa vipindi, na mzunguko ni wa siku 241.5. Watu wakiiona ikizunguka kwenye picha zilizounganishwa, hudhani vumbi linatembea kufuata mkunjo. Halifanyi hivyo. Kila chembe inakwenda moja kwa moja kutoka katikati. Unaweza kulithibitisha uwanjani: chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu moja dogo pembeni, ijaze maji, ifunge kwa kamba na uizungushe juu ya kichwa, na mwenzako apige video kwa simu kutoka ghorofani. Kisha tazameni video polepole, hatua kwa hatua. Lifuateni tone moja tu. Linakwenda mbele bila kupinda, ilhali matone yote kwa pamoja yanachora mkunjo unaozunguka. Mkiwa na chupa, badilisheni mwendo wa mkono muone mkunjo unavyobana na kuachia. Hiyo ni tofauti kati ya mzunguko wa siku chache na wa siku nyingi.

WR 104 pia imetumika kutisha watu. Kwa kuwa mkunjo wake unaonekana kana kwamba tunautazama kutoka juu kabisa, ilisemwa kwamba siku ikilipuka inaweza kuelekeza mlipuko wa miali ya gama kwetu. Mwaka 2025 Grant Hill wa kituo cha Keck alitoa vipimo vya spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake) vinavyoonyesha kwamba njia ya nyota zenyewe imeinama kama digrii 30 hadi 40. Habari ya namna hiyo ikikufikia, uliza kwanza: mwelekeo umepimwa kwa umbo la vumbi, au kwa mwendo wa nyota zenyewe? Picha ya vumbi pekee haitoshi kusema nyota imeelekea wapi.

La nne ni la wakokotoaji. Usichukue kasi ya upepo ukaiweka mahali pa kasi ya vumbi. Kwa WR 140 hutapotoka sana, lakini tazama Apep, nyota pacha iliyotangazwa mwaka 2018 na kupewa jina la nyoka wa Misri ya kale, adui wa mungu Ra. Spektra ilionyesha upepo wa kilomita 3,400 kwa sekunde, ilhali vumbi lenyewe lilipimwa likienda karibu 570. Mtu angetumia kasi ya upepo angepata umri wa vumbi uliokosewa mara sita. Na hata kwenye WR 140 kasi haikai sawa: mwaka 2022 kundi la Yinuo Han na Tuthill lilionyesha vumbi likiongezewa mwendo na msukumo wa mwanga wa nyota. Pima vumbi kwa vumbi.

Kuzitazama kutoka hapa

Vumbi lenyewe hutaliona kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Nyota zinazolitengeneza utaziona, na sisi tulioko karibu na ikweta tuna bahati ya kuona za kaskazini na za kusini.

Anza na Gamma Velorum, kwa sababu haihitaji kifaa. Mwanzoni mwa Machi, saa tatu usiku, tazama kusini. Itafute Suheli, nyota ya pili kwa mwanga katika anga la usiku, baada ya Sirius, ile ambayo manahodha wa pwani waliijua vizuri. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni kama digrii kumi. Sogea ngumi mbili kasoro kidogo kuelekea kushoto na juu kidogo ya Suheli, utakuta nyota ya ukubwa wa 1.8 (kipimo cha mwangaza ambacho namba ikiongezeka nyota ni hafifu zaidi). Kutoka Dar es Salaam inafika karibu digrii 50 juu ya upeo. Unachokitazama kwa macho matupu ni nyota ya Wolf-Rayet na mwenzake.

WR 140 ina ukubwa wa 6.9, kwa hiyo unahitaji darubini ya macho mawili, mfano ile ya 10x50, na usiku wa giza la mwezi nje ya taa za mji. Msimu wake ni Agosti hadi Oktoba. Mwanzoni mwa Septemba saa tatu usiku tazama kaskazini. Msalaba mkubwa wa Cygnus utakuwa umesimama ukipitiwa na Njia Nyeupe. Nyota ya Deneb iko chini, Sadr iko kwenye makutano ya msalaba. WR 140 inapatikana chini ya Sadr kwa digrii tatu na nusu hivi, na kushoto kwa Deneb kwa digrii nne. Eneo lile limejaa nyota ndogo, kwa hiyo usitegemee maelezo yangu pekee: fungua programu ya bure ya Stellarium, andika HD 193793, jina lake jingine, ulinganishe ramani na unachokiona nyota kwa nyota. Kutoka Nairobi inafika digrii 45 hivi juu ya upeo, kutoka Dar es Salaam 39.

Klabu ya shule yenye darubini ndogo na kamera inaweza kwenda mbele zaidi. Kuna kipande cha kioo chenye mistari myembamba, 100 kwa kila milimita, kinachofungwa mbele ya kamera na kuutawanya mwanga wa nyota kuwa spektra. Kielekezeni kwenye Suheli kwanza, mwone spektra ya nyota ya kawaida, kisha kwenye Gamma Velorum. Badala ya mkanda tu wa rangi mtaona mistari minene inayong'aa: karibu na nanomita 465 kwenye buluu, 570 na 581 kwenye manjano. Kaboni ndiyo inayong'aa kwenye mistari hiyo. Unene wake unatokana na kasi ya upepo: zidisha urefu wa wimbi kwa kasi, gawanya kwa kasi ya mwanga. Kwa upepo wa kilomita 1,500 kwa sekunde na mstari wa 570, utapata karibu nanomita 3 kila upande.

Nyota za WR 140 zilikaribiana Novemba 2024. Jumlisha 7.93, unafika Oktoba 2032, na jioni za Oktoba Cygnus bado iko juu kaskazini kwetu. Mwaka 2009 wapenzi wa falaki wasio wanasayansi wa kazi waliungana na wataalamu kwenye kisiwa cha Tenerife, wakatumia darubini ya kioo cha sentimita 50 kupima spektra ya nyota hii usiku baada ya usiku nyota zilipokuwa zikikaribiana. Walichokifuata ni ule mstari wa kaboni wa nanomita 570: kwenye mgongano hutokea mwanga wa ziada juu ya mstari huo, nao huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine nyota zinapopitana. Klabu itakayoanza na Gamma Velorum Machi ijayo, ikatunza daftari la tarehe, saa, hali ya anga na spektra ya kila usiku, itakuwa na miaka ya mazoezi mkononi wakati huo, na kipimo chake cha wiki zile za Septemba na Oktoba 2032 kinaweza kuwekwa pamoja na vya wengine.